Kulegeza Mwili Uliojikaza kwa Mguso Mwepesi

Msuli uliojikaza kwa hofu, uchovu au msongo wa mawazo haujaharibika. Unatii amri. Mfumo wa fahamu umeuagiza ukae macho, nao utakaa macho mpaka amri ibadilike. Ndiyo maana bega linaloshindiliwa kwa kidole gumba mara nyingi hujibu kwa kukaza zaidi: mwenye bega anabana pumzi, anauma meno, anavumilia, na kesho yake uzito umerudi pale pale. Mguso mwepesi unakwenda kwa njia nyingine. Unaupa mwili uzito wa mkono, joto na muda, kisha unangoja. Kinachofanya kazi ni huko kungoja, na hapo ndipo wanaoanza hushindwa kuliko mahali pengine popote.

Maelezo haya yanamfaa anayetaka kumhudumia mwenzake nyumbani kwa dakika 40 hivi, na pia mwanafunzi wa kazi ya kukanda anayetaka mkono mtulivu zaidi. Asiye na mtu wa kumshika atapata sehemu yake mwishoni.

Wa kumwacha

Mwenye homa au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza asubiri apone. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, upasuaji au kulala kitandani siku nyingi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Usiuguse wala kuutikisa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, udhaifu wa upande mmoja, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, shingo inayouma baada ya ajali: hayo yote ni ya daktari, tena haraka. Vivyo hivyo mfupa uliovunjika karibuni, mshono ambao haujafunga, na mifupa iliyodhoofika sana.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kushikwa kwa wepesi, ila asibonyezwe mahali popote, maana huvilia damu upesi. Mwenye saratani amuulize kwanza daktari anayemtibu. Mjamzito aliyevuka nusu ya mimba asilale chali muda mrefu, kwa sababu mji wa mimba hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Mlaze ubavu wa kushoto, mto mmoja kichwani, mwingine katikati ya magoti, na umshike mgongoni na mabegani tu.

Kuna na mtu aliyepitia jambo zito ambalo bado linamrudia mchana kama picha au usiku kama jinamizi. Mguso unaweza kumfaa, lakini awe tayari ana mtaalamu wa afya ya akili anayemsaidia. Mikono ya rafiki haitoshi kubeba hilo peke yake.

Chumba, sakafu na mikono yako

Mtu aliyelala bila kujisogeza hupoa haraka, na mwili unaosikia baridi hauwezi kulegea. Weka blanketi hata kama wewe mwenyewe unasikia joto. Kitanda laini hakifai: mikono yako itazama chini ya mwili wake na mgongo wako utaumia kwa kuinama. Godoro jembamba au mkeka wenye blanketi 2 sakafuni unatosha. Kama unayo meza ya kukandia, ipandishe kiasi cha kukuwezesha kufanya kazi ukiwa umekaa.

Mwenzako avue mkanda, saa, mkufu, hereni na miwani, na avae nguo za kupwaya. Awe amekwenda msalani, na kama amekula chakula kizito, zipite saa 2. Chini ya magoti weka mto au blanketi lililokunjwa, unene wa sentimita 15 hadi 20, ili kiuno kipumzike. Chini ya kichwa inatosha taulo iliyokunjwa, sentimita 2 hadi 4. Mto mnene huinamisha kidevu kifuani na kuilazimisha shingo ifanye kazi.

Wewe kata kucha, vua pete, nawa mikono kwa maji ya moto kiasi. Kisha angalia viwiko vyako, maana wengi hawaviangalii. Kiwiko kinachoning'inia hewani huufanya mkono utetemeke kidogo kidogo, na mtetemo huo, hata usipoonekana kwa macho, aliyelala anausikia. Egemeza viwiko sakafuni, kwenye mapaja yako au juu ya mto. Kama huwezi kukaa mkao huo dakika 5 bila kuumia, badilisha mkao kabla ya kumgusa. Mkandaji aliyejikaza hawezi kusikia kulegea kwa mwingine, kwa kuwa mkono wake umeshajaa habari za mwili wake mwenyewe.

Uzito wa mkono upimwe kwa mizani

Watu wakiambiwa washike kwa wepesi, wengi hudhani wanafanya hivyo wakati bado wanasukuma. Chukua mizani ya jikoni ya kidijitali. Weka ncha za vidole 3 juu yake na jaribu kuifanya isome gramu 5. Utashangaa: hilo ni kama kutogusa kabisa. Kisha jaribu gramu 30, halafu 100, na uzishikilie kwa dakika nzima bila tarakimu kupanda na kushuka. Mwisho laza mkono mzima juu ya mizani, umelegea kabisa kuanzia kiwiko. Utasoma gramu mia kadhaa, na huo ndio uzito wa juu kabisa utakaouhitaji katika kazi hii: mkono ulioachwa ukae, bila kusukumwa. Rudia zoezi hili kila siku kwa wiki moja kabla ya kumshika mtu.

Mwendo nao una kipimo chake. Katika ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi maalumu za fahamu zinazoitika zaidi mkono unapopita polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na zinapendelea hasa kasi ya sentimita 3 hivi na mkono wenye joto la ngozi. Habari zake hupelekwa kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za kupendwa na kutulia, si zile za kutambua tu umbo la kitu. Kwa hiyo ukipapasa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, safari ya sentimita 25, ichukue sekunde 8 hivi. Hesabu kimoyomoyo. Mara ya kwanza karibu kila mtu humaliza kwa sekunde 3.

Ruhusa

Kabla hajalala, mweleze utamshika wapi na kwa mpangilio gani, kisha muulize kama kuna mahali asipotaka kuguswa. Usiulize sababu. Kubalianeni neno au ishara ya kusimamisha, mathalani kuinua mkono, na umwambie wazi: "Ukiinua mkono nitaacha papo hapo, huna haja ya kunieleza." Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha huwa ameshaanza kulegea. Matiti na sehemu za siri haziguswi katika kazi hii kwa sababu yoyote ile, na shingo ya mbele haibonyezwi: hapo hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo, na kuibonyeza kunaweza kushusha mapigo ya moyo hadi mtu akazimia.

Anza miguuni

Miguu iko mbali na uso na moyo, kwa hiyo ni mahali ambapo watu wengi hawahisi kuvamiwa. Keti upande wa nyayo, viwiko vikiwa juu ya mapaja yako, na uweke viganja juu ya vifundo vyote viwili. Usikande. Kaa dakika 2 au 3. Dakika ya kwanza utaona kama hakuna kinachotokea, na hamu ya kufanya kitu itakushika; iache ipite.

Kisha mtikise. Shika nyayo zote kwa wepesi na uzisogeze kushoto na kulia kidogo tu, sentimita 2 au 3, uone jinsi mtikiso unavyopanda hadi kwenye nyonga na, kwa mtu aliyelegea, hadi kidevuni. Daktari Mmarekani Milton Trager alijenga mfumo mzima wa tiba juu ya mitikiso ya namna hii. Kila mwili una mwendo wake ambao ukiupata, hutumii nguvu. Ukiharakisha au kuchelewesha, unajikuta unasukuma. Tafuta ule mwendo, kaa nao dakika 1 au 2, uache upungue wenyewe mpaka usimame. Ukiona mtikiso unakwama mahali, tuseme unaishia magotini, usiongeze nguvu ili upite. Punguza. Mara nyingi ukipunguza ndipo unapopita.

Kiwambo na chembe ya moyo

Sogea ubavuni kwake. Omba akusaidie kujiinua kidogo, upitishe mkono mmoja chini ya mgongo, usawa wa mbavu za mwisho, kiganja kikitazama juu. Mkono mwingine uweke juu ya fumbatio, chini kidogo ya chembe ya moyo, vidole vikielekea upande wa pili. Hakikisha huegemei ule mfupa mdogo ulio kwenye ncha ya kidari. Ni mwembamba na unauma ukibonyezwa. Sasa kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kiko katikati ya viganja vyako viwili.

Kosa kubwa hapa ni kusema: "Vuta pumzi ndefu." Ukisema hivyo, pumzi inakuwa kazi ya kutimiza, kifua kinapanda, mabega yanafuata, na msuli uliotaka upumzike umepewa zamu nyingine. Sema tu: "Acha pumzi ijiendee." Au usiseme kitu. Mara nyingi pumzi itakuwa fupi na ya juu kwa dakika ya kwanza, kwa sababu mtu anayejua anatazamwa huibana bila kujua. Mkono wako ufuate inapopanda na inaposhuka, bila kuisaidia wala kuizuia. Karibu na dakika ya 3 utaona moja kati ya haya: anashusha pumzi ndefu bila kuambiwa, tumbo linanguruma, anapiga mwayo, anameza mate, au kope zake zinachezacheza. Hizo ndizo ishara kwamba sehemu ya mfumo wa fahamu inayosimamia mapumziko na usagaji wa chakula imeshika zamu. Kila pumzi inayotoka polepole hupunguza kidogo mapigo ya moyo, na ndiyo maana sehemu hii ndogo ya mwili inaweza kubadilisha hali ya mtu mzima.

Kaa dakika 5. Kama hakuna ishara yoyote, punguza uzito wa mkono wa juu hadi nusu. Ukiwa umeshapunguza na bado mwili ni kama ubao, ondoka hapo kwa upole uende mabegani. Kuna watu ambao tumbo lao ndilo la mwisho kuaminiana na mtu.

Mabega: yafuate yanakotaka kwenda

Bega lililopanda kuelekea sikio watu hulivuta chini. Jaribu kinyume chake. Katika miaka ya 1950 mganga wa mifupa na viungo wa Marekani, Lawrence Jones, aligundua kwamba mgonjwa akiwekwa katika mkao unaoufupisha msuli unaouma, na mkao huo ukishikiliwa sekunde 90, msuli huacha kupigana. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyopima urefu wake na kasi ya kunyooshwa kwake. Ukiufupisha, vipokezi hivyo vinanyamaza, na amri ya kukaza inapungua.

Fanya hivi. Ukiwa umekaa upande wa kichwa, tafuta kwa kidole sehemu laini kati ya shingo na bega inayouma kuliko nyingine. Mwambie maumivu hayo ayaite 10. Ukiacha kidole hapo bila kubonyeza zaidi, chukua bega zima kwa mkono mwingine, kuanzia chini ya kwapa kwa nyuma, ulisogeze taratibu kuelekea sikio. Kiegemeze kichwa kidogo upande ule ule. Uliza namba. Rekebisha milimita kwa milimita: juu kidogo, mbele kidogo, mpaka aseme 3 au chini ya hapo. Hapo simama. Hesabu sekunde 90 kamili, na asikusaidie kulishikilia bega. Likiwa zito mkononi mwako, ndivyo inavyotakiwa.

Kulirudisha kuna umuhimu sawa na kulipeleka. Tumia sekunde 10 au zaidi. Ukiliachia kwa ghafla, vipokezi vitaona msuli umenyooshwa kwa kasi na vitaukaza tena, na kazi yote imepotea. Ukigusa tena ile sehemu na maumivu yamerudi 10, karibu kila mara chanzo ni haraka ya kurudisha, au mkao ulikuwa wa 5 na yeye akasema 3 kwa kukuonea huruma. Mwambie tangu mwanzo kwamba namba ya kweli inakusaidia kuliko namba ya adabu.

Fanya upande wa pili, kisha papasa kila mkono kutoka begani hadi kwenye vidole, mara 3, kwa ile kasi ya sentimita 3 kwa sekunde. Juu ya shati ni sawa kabisa.

Kisogo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa pana thamani ya kukaa muda mrefu kuliko kwingine. Chini ya ukingo wa fuvu, nyuma, kuna jozi 4 za misuli midogo inayounganisha kichwa na pingili 2 za kwanza za shingo. Imejaa vipokezi vya mkao kuliko karibu misuli yote ya mwili, na inashirikiana na macho. Lihakikishe hilo juu yako mwenyewe sasa hivi: weka vidole gumba chini ya ukingo wa fuvu, ubonyeze kidogo, fumba macho, kisha zungusha mboni kushoto na kulia bila kugeuza kichwa. Utahisi kitu kinacheza chini ya vidole. Ndiyo maana siku nzima ya kukodolea skrini, kusoma maandishi madogo au kuendesha gari usiku huishia kisogoni, na kutoka hapo hupanda kama maumivu ya kichwa hadi nyuma ya macho.

Keti upande wa kichwa chake, mikono yote kuanzia kwenye viwiko ikiwa imelala sakafuni. Mwambie akiache kichwa kizito na asikuinulie. Ukiinue wewe, polepole, upitishe viganja chini. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na uzito huo ndio utakaofanya kazi badala ya nguvu zako. Laza nywele ndefu pembeni ili zisivutwe. Sasa kunja vidole vikae wima, ncha zikiwa kwenye ile nyama laini chini tu ya mfupa, siyo juu ya mfupa wenyewe na siyo katikati ya shingo. Kichwa kinakaa juu ya ncha 8 za vidole, viganja vikiwa havijagusa fuvu bado.

Ngoja. Mwanzoni ncha zitahisi kamba ngumu 2. Usizibonyeze. Baada ya dakika 2, mara nyingine 4 au 5, kamba moja italainika kabla ya nyingine, kichwa kitaanza kuzama, na fuvu litakuja lenyewe kutua viganjani. Likishatua, legeza vidole na ukishike kichwa hivyo dakika nyingine 2. Wengi husinzia hapa.

Mambo yanayoharibu hatua hii yanajulikana. Vidole vilivyo chini mno, katikati ya shingo, huinyanyua shingo na kidevu kinapaa. Vipandishe kuelekea kwenye mfupa. Kuvuta kichwa kuelekea kwako kunaamsha misuli ya mbele ya shingo, na hutaona kulegea kokote. Mikono yako ikianza kutetemeka, vidole vimechoka: vinyooshe, ushike kichwa viganjani tu, uanze tena baada ya dakika. Mwenzako akisema anasikia kichefuchefu, kizunguzungu, ganzi usoni au anaona vibaya, kiteremshe kichwa kwenye taulo na uache. Hali hiyo isipopita mara moja, atafutiwe daktari. Na usigeuze wala kupinda shingo kwa ghafla, hata kama umeona mtu akifanya hivyo na shingo ikalia.

Taya

Fupi, lakini usiiruke. Weka ncha za vidole kwenye mashavu, mbele ya masikio na chini kidogo. Mwombe aume meno mara moja. Msuli utatuna na utajua ulipo. Kisha aache, midomo ifungwe kwa wepesi, meno yaachane, ulimi upumzike nyuma ya meno ya juu. Laza vidole hapo dakika 2. Usivute taya la chini. Kwa mtu ambaye taya lake hukwama au kulia anapofungua mdomo, kulivuta kunaweza kulikwamisha.

Rudi miguuni, shika vifundo dakika 2, kisha toa mikono polepole na umwambie umemaliza. Apumzike dakika 5 hadi 10 akiwa amefunikwa.

Akilia, akitetemeka, akipotea

Mwili ukiacha kujilinda, kilichokuwa kimezuiwa kinaweza kutoka. Machozi yanayotiririka bila kelele, kicheko kisicho na sababu, miguu kutetemeka, hasira inayopita: hayo hutokea na si dalili kwamba umeharibu kitu. Usiondoe mkono kwa ghafla, maana kwa mtu aliye wazi kiasi hicho ni kama kuachwa. Usimfute machozi, usimkumbatie, usimuulize ni nini. Sema kwa sauti ya chini: "Nipo. Nibaki hapa au nitoe mkono?" Fuata jibu lake. Akitaka kusema, sikiliza bila kuchimba, akinyamaza, usimfungue. Tena usimtafsirie. Zipo imani kwamba nyonga huficha hasira na mabega hubeba majukumu ya familia. Hakuna msingi wa kuzitangaza juu ya mwili wa mtu, na mtu aliyelegea huamini anachoambiwa kuliko kawaida yake.

Pumzi ya haraka na nzito ikiendelea, midomo inaweza kufa ganzi na vidole vya mikono kujikunja. Ni kwa sababu hewa ya ukaa (kabonidioksidi) imepungua mno kwenye damu. Mwambie afumbe mdomo, apumue kwa pua, na kila pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Huachia ndani ya dakika chache.

Kuna hali moja tulivu inayowadanganya wengi. Macho yako wazi lakini hayaoni, mikono imepoa, pumzi ni kama hakuna, ukimwita anachelewa kujibu au hajibu. Huko si kutulia; mwili umeganda kwa woga. Mwambie unatoa mikono, kisha itoe. Mwite kwa jina. Afungue macho, akunje magoti akanyage sakafu, akutajie vitu 5 anavyoviona chumbani. Mketishe, mpe maji. Kwa siku hiyo kazi imekwisha, hata kama anaomba muendelee.

Baada ya hapo

Asiinuke moja kwa moja. Ageuke ubavu, ajisukume kwa mkono, akae dakika 1 kabla ya kusimama. Shinikizo la damu huwa limeshuka na akisimama haraka anaweza kuanguka. Usingizi na uchovu jioni hiyo ni kawaida. Akiwa bado mzito kichwani, asiendeshe gari.

Maji anywe kama ana kiu. Maneno kwamba kukandwa hukamua sumu kutoka kwenye misuli na lazima zisafishwe kwa maji si kweli. Damu husafishwa na ini na figo, iwe umekandwa au hukukandwa. Utasikia pia juu ya tiba ya fuvu na uti wa mgongo, iliyoanzia kwa William Sutherland na kuenezwa tangu miaka ya 1970 na John Upledger, kwamba mkono uliofunzwa husoma mdundo wa maji ya ubongo. Wapimaji tofauti wakimshika mtu mmoja hupata hesabu zisizolingana. Mishiko yao mingi ni mizuri na baadhi inafanana na iliyoelezwa hapa, lakini inaweza kutumika bila nadharia hiyo, na ni uungwana kutomuuzia mwenzako jambo lisilothibitika.

Ukiwa peke yako

Lala chali sakafuni, miguu kuanzia magotini hadi nyayoni ikiwa juu ya kiti, nyonga na magoti yakiwa pembe mraba. Mkono mmoja juu ya fumbatio. Dakika 10. Kwa kisogo, tia mipira 2 laini ndani ya soksi, funga fundo, na uiweke chini ya ukingo wa fuvu kwa dakika 3 hadi 5; ikiteleza shingoni, irudishe, na ukisikia ganzi, itoe.

Ambaye kutulia kunamzidishia wasiwasi afanye njia ya Edmund Jacobson, daktari Mmarekani aliyeianzisha mwanzoni mwa karne ya 20: kaza kikundi kimoja cha misuli sekunde 5 hadi 7, kisha uachie kwa mkupuo na upumzike sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza tofauti. Anza na ngumi, uende mikono, mabega, uso, tumbo, miguu. Kaza nusu ya nguvu zako tu. Kwenye miguu vuta vidole kuelekea usoni. Ukivielekeza chini, shavu la mguu linaweza kukamata mkakamao.

Mara 1 kwa wiki inatosha kwa mwenzako, na wewe mwenyewe unaweza kujilaza kila siku. Baada ya mara 4 au 5 pima kwa mambo ya kuonekana: analalaje, anageuza shingo mpaka wapi akitazama nyuma, meno anayauma mara ngapi. Kama hakuna kilichobadilika, au kama maumivu yanamwamsha usiku, mkono unakufa ganzi au kupoteza nguvu, au anapungua uzito bila sababu, asimamishe na akapimwe.